Wanafunzi wangu wanakariri insha za Kiingereza: niache kuwapa notsi?

*"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu katika shule ya kata, nje kidogo ya Moshi. Mkondo wangu una wanafunzi 68, na tamthiliya tunayosoma, The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, tuna nakala 6 tu. Nimefanya kama nilivyofundishwa mimi: nimewaandikia ubaoni muhtasari, wahusika na dhamira, wakanakili. Nikitoa insha wananirudishia maneno yangu mwenyewe, hadi makosa yangu ya tahajia. Swali likigeuzwa kidogo, wanajibu swali la zamani. Nikiwaambia waandike mawazo yao, naletewa mistari miwili. Mkuu wa idara anasema niwatungie insha kumi za mfano wazikariri, maana mtihani hauna huruma. Mwenzangu mwingine anasema tatizo ni Kiswahili, nikipige marufuku darasani. Kusahihisha nako kumenishinda: kila kosa nalipiga kalamu nyekundu, wiki inayofuata makosa ni yale yale. Nianzie wapi?"*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umeuliza maswali matatu ndani ya moja: notsi na mtihani, Kiswahili darasani, na hiyo kalamu nyekundu. Nitaanza na lililo chini ya yote matatu.

Hofu yako, kama nimekuelewa, ni kwamba watoto hawa hawana Kiingereza cha kuandikia fasihi, kwa hiyo ama uwaandikie wewe ama uwaache wafeli. Naomba nikubishie hapo. Kiingereza chao ni kidogo, sikatai. Lakini mistari miwili hailetwi na uchache wa Kiingereza peke yake. Hawana la kusema juu ya kitabu kwa sababu hawajakutana nacho. Wamekutana na muhtasari wako, na mtu aliyesimuliwa harusi hawezi kubishana kuhusu mapambo.

Hebu tazama ni kazi ngapi unampa mwanafunzi unapomwambia aandike insha. Atafute wazo, alipange, alitafutie maneno katika lugha ambayo haongei akiwa nyumbani, akumbuke tahajia, akumbuke nyakati za vitenzi, na muda unakwenda. Akili ya mtu yeyote ina nafasi finyu ya kushikilia mambo mageni kwa wakati mmoja. Ikizidiwa, hutupa ile kazi iliyo nzito kuliko zote, yaani kufikiri, na kushika kilicho tayari. Kwa wanafunzi wako kilicho tayari ni notsi. Ndiyo maana swali likigeuzwa jibu halibadiliki: tangu mwanzo hakuwa anajibu swali.

Kwa hiyo insha kumi za mkuu wa idara zitaongeza kile kile kinachokusumbua. Simlaumu. Anaangalia matokeo, na kuna watoto ambao insha ya kukariri imewaokoa kupata alama tano sita ambazo wasingezipata. Ila maswali ya fasihi ya kidato cha nne mara nyingi humtaka mtahiniwa athibitishe au apinge kauli fulani kwa kutumia vitabu viwili, na kauli hiyo hubadilika kila mwaka. Huwezi kukariri msimamo juu ya kauli usiyoijua. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zinapatikana bure kwenye tovuti yao, na ndani yake kuna picha za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono na watahiniwa wenyewe. Chapisha kurasa za fasihi, mkae na mkuu wa idara, msome pamoja. Ni rahisi zaidi kuliko kubishana ofisini.

Sasa tuingie darasani. Nakala 6 kwa watoto 68 ni kitabu kimoja kwa watoto kumi na mmoja au kumi na wawili. Hiyo maana yake huwezi kusomesha kitabu kizima kwa namna ya kila mtu kufungua ukurasa wake, na ukijaribu utarudi kwenye muhtasari. Lakini huhitaji kitabu kizima kila siku. Unahitaji kipande kimoja kizuri, mistari kumi na mitano hivi, ulichokinakili kwa maandishi makubwa kwenye karatasi ya manila jioni moja. Kipande hicho kinaweza kubeba vipindi viwili vilivyofuatana.

Anza na mwanzo wa tamthiliya. Sidi anapita karibu na shule akiwa na ndoo ya maji kichwani. Lakunle, mwalimu, anatoka darasani kumfuata, anamnyang'anya ndoo, maji yanammwagikia. Anamwambia asibebe vitu kichwani, anamsema kuhusu mabega yaliyo wazi. Sidi anamjibu kwamba yuko tayari kuolewa naye siku yoyote, ila mahari ilipwe. Lakunle hataki, anaiita mila ya kishenzi. Waache watoto wawili waigize hapo mbele, na ndoo halisi, ya kudekia inatosha. Halafu uliza swali moja tu: Lakunle anakataa mahari kwa sababu gani?

Hapo nyamaza, hata darasa likikaa kimya. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kujibu maswali yetu wenyewe.

Nakuhakikishia kelele zitaanza, kwa sababu hakuna mtoto wa Kilimanjaro asiye na maoni kuhusu mahari. Kuna aliyeona pombe na mbuzi vikipelekwa kwa ajili ya dada yake. Kuna mvulana wa nyuma atakayesema Lakunle hana hela tu, anajificha kwenye usomi. Mwingine atasema hapana, yule ni msomi kweli, anaamini anachosema. Usiamue mgomvi yupi kashinda. Uliza: umeona wapi kwenye karatasi? Swali hilo dogo ndilo somo zima la fasihi, nami ningelirudia hadi walichoke.

Kisha, siku nyingine, walete mwishoni mwa tamthiliya. Sidi amelala kwa Baroka, mzee wa miaka 62 aliyemhadaa. Lakunle anasema bado atamwoa. Halafu anaongeza, bila kuona haya, kwamba kwa kuwa Sidi si mwali tena, suala la mahari sasa lisahaulike kabisa. Weka karatasi mbili za manila ukutani, ile ya ndoo na hii, waache wakae nazo. Yule mvulana wa nyuma atasimama mwenyewe.

Ni baada ya hapo ndipo waandike, na waandike kidogo. Sentensi nne: moja ya kutoa hoja, mbili za kuonyesha kilichotokea kwenye kitabu, moja ya kusema hilo linathibitisha nini. Hiyo ni aya moja. Insha ya mtihani ni aya kama hizo tano au sita, na utangulizi mfupi na hitimisho fupi. Mtoto anayeweza kuandika aya moja ya kwake anaweza kuandika sita. Asiyeweza hata moja, insha nzima itamlazimisha kuiba.

Ngoja nikuonyeshe kwa mfano niliouunda. Sentensi ya notsi huwa hivi: *"Bride price is among the themes portrayed by the playwright in this play."* Haina kosa hata moja, na haisemi kitu. Ukibadilisha maneno mawili inafaa tamthiliya yoyote duniani. Sasa soma hii: *"Lakunle say bride price is bad. But when Sidi sleep with Baroka he say now there is no need to pay. So he was thinking about money."* Makosa ya sarufi yamejaa. Lakini aliyeandika hivi amesoma kurasa mbili zilizo mbali, ameziweka pamoja, ametoa hukumu. Hukumu yenyewe unaweza kuipinga, na mimi ningeipinga kidogo, maana Lakunle anapenda pia kujisikia mstaarabu. Huyu ndiye mwanafunzi wa kumwekea alama ya juu na kumsomea wenzake. Ukimpa alama ya chini kuliko mwenye sentensi ya notsi, umewafundisha wote 68 kwamba wizi unalipa.

Kuhusu Kiswahili. Mwenzako ana hoja nusu. Ni kweli kwamba lugha hujengeka kwa kutumika, na darasa la Kiingereza linaloendeshwa kwa Kiswahili kuanzia kengele hadi kengele halijengi Kiingereza. Lakini kupiga marufuku, au ule mtindo wa kumvalisha mtoto kibao shingoni kwa sababu kasema neno la Kiswahili, huzaa kimya, na ukimya haujamfundisha mtu lugha yoyote.

Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alitofautisha mwaka 1979 lugha ya mazungumzo ya kawaida na lugha ya kitaaluma, ile ya kueleza, kulinganisha na kutoa hoja. Ya kwanza watoto wahamiaji waliipata ndani ya miaka miwili hivi. Ya pili iliwachukua miaka mitano hadi saba. Na hao walikuwa wanaishi katikati ya Kiingereza, dukani na kwenye televisheni. Mwanafunzi wako amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, ana miaka miwili na kitu ya masomo kwa Kiingereza, na akitoka getini anasikia Kiswahili au Kichaga. Kumtaka afikirie dhamira za tamthiliya moja kwa moja kwa Kiingereza ni kumtaka akimbie kabla ya umri. Habari njema kutoka kwa Cummins huyo huyo ni kwamba uwezo wa kujenga hoja hauna lugha: ukiupata katika lugha moja, unahamia nyingine pindi maneno yanapopatikana.

Kwa hiyo kipe Kiswahili kazi maalumu, na mipaka. Dakika tano au saba za ubishi wa wawili wawili, Kiswahili ruksa. Wewe unazunguka, unasikiliza, na kila wazo zuri unaloliokota unaliandika ubaoni kwa Kiingereza. Wanasema "anajidai", unaandika neno la Kiingereza linalokaribia, na jina la aliyelitoa. Ndani ya dakika kumi ubao una maneno kumi na mbili ambayo darasa lenyewe limeyahitaji. Kuanzia hapo kuandika na kusoma kwa sauti ni Kiingereza kitupu, hakuna msamaha. Mkaguzi akiingia, mwonyeshe madaftari. Yatakuwa na Kiingereza kingi kuliko yale ya darasa lililokatazwa.

Tuje kwenye kalamu nyekundu, ambayo nadhani ndiyo inayokumaliza. Wataalamu wamegombana sana hapa. John Truscott aliandika mwaka 1996 kwamba kusahihisha sarufi kwenye maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakusaidii na kuachwe kabisa. Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba amevuka mpaka: masahihisho yaliyochaguliwa vizuri na yanayoeleweka yana faida. Mimi niko upande wa Ferris. Ila wanakubaliana zaidi ya wanavyodhani juu ya jambo moja unalolijua kwa uchungu: kurekebisha kila kosa kwenye kila daftari hakubadilishi kitu. Mtoto akiona ukurasa mwekundu haoni makosa thelathini, anaona kwamba yeye ni mjinga, anafunga daftari.

Chagua kosa moja kwa wiki mbili. Kwa mfano ile herufi s ya mwisho wa kitenzi, ambayo imekosekana mara tatu katika aya niliyokuonyesha. Kwetu mtenda anaonyeshwa mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo jicho la mtoto halina mazoea ya kukagua mkia. Waeleze hilo, uone nyuso zinavyofunguka. Kisha waambie kwamba kwa wiki mbili utapiga mstari chini ya kosa hilo tu, bila kulirekebisha, na wao ndio watalirekebisha. Makosa mengine yaone, uyaache. Nalijua hili linauma. Utahisi kama unazembea kazi, na mzazi mmoja atakuja kuuliza mbona mwalimu hajaona kosa la mstari wa pili. Mweleze.

Na usikusanye madaftari 68 siku moja. Kusanya 17, siku nne kwa wiki, siku ya tano pumzika. Aya ya sentensi nne husomwa kwa dakika mbili. Kwa kila moja andika mstari mmoja unaojibu wazo, kwa Kiingereza chepesi, kama msomaji na si kama hakimu: umenishawishi, au sijashawishika, nionyeshe Baroka alisema wapi. Watoto husoma hiyo kabla ya alama.

Kusoma nitasema kwa ufupi, ingawa lina uzito wake. Warwick Elley na Francis Mangubhai walichapisha mwaka 1983 matokeo yao kutoka shule za msingi za vijijini Fiji, ambako walijaza madarasa vitabu vya hadithi nyepesi za Kiingereza. Watoto wale waliwapita wenzao waliofuata masomo ya kawaida, kwanza katika kusoma, na kadiri muda ulivyokwenda hata katika kuandika. Hapa kwetu ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilishaonya kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakitoshi kusomea, na mradi uliofuata ulisambaza vitabu vyepesi vya kusoma mashuleni. Fungua kabati la stoo ya shule yako. Mara nyingi baadhi yake bado vimo, vina vumbi, vimefungiwa visichakae. Bora vichakae. Maktaba ya mkoa hapo Moshi nayo si mbali na kwako. Nenda kawaulize kuhusu kuazimisha kwa shule. Kitabu chepesi anachokielewa mtoto kitamfaa zaidi kuliko kitabu cha mtihani anachokiogopa.

Notsi, basi, uziache? Usizichome. Zitoe mwisho, baada ya kipande kusomwa, kubishaniwa na kuandikiwa, na ziwe ukurasa mmoja. Zikitangulia, zinaziba njia. Zikifuata, wanazisoma kama watu wenye kulinganisha, na wapo watakaokwambia umekosea. Shukuru siku hiyo ikifika.

Ungekuwa unafundisha kidato cha nne na sasa ni Agosti, ningejibu tofauti. Muda wa kujenga mazoea haupo, na ningekwambia uwape mifupa ya insha, sentensi chache za kuunganisha hoja, na mazoezi ya kusoma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Hiyo ni huduma ya kwanza, haina aibu. Wewe una kidato cha tatu, una zaidi ya mwaka. Utegemee wiki za mwanzo ziwe mbaya: aya zitakuwa fupi na chafu kuliko zile insha za kunakili, na mkuu wa idara atakuja kuchungulia. Mwombe akupe muhula mmoja na mkondo mmoja, halafu mlinganishe majibu ya swali ambalo hakuna mkondo uliowahi kuliona.

Kuna mambo mawili ambayo ushauri wa maandishi hauyatoshi, yanahitaji mtu wa kuonana naye.

La kwanza linatokana na tamthiliya yenyewe. Ukiwaomba watoto waandike ya kwao kuhusu msichana aliyehadaiwa na mzee, au kuhusu ndoa na mahari, ipo siku daftari moja litakuwa haliongelei Sidi. Msichana ataandika kwamba nyumbani kuna mtu ameshaleta posa, au jambo baya zaidi. Usilisome mbele ya darasa, usilirudishe kupitia kwa kiongozi wa darasa, na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwite pembeni na mwalimu wa malezi, na siku hiyo hiyo mshirikishe afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina gharama, na wewe mwalimu pia unaweza kuipiga kuomba mwongozo.

La pili ni mtoto anayebishana vizuri kwa mdomo lakini karatasi yake haisomeki hata akiandika kwa Kiswahili. Kabla ya kumwita mvivu, mpe aya fupi ya Kiswahili aisome kwa sauti mkiwa wawili. Akikwama hapo pia, Kiingereza si tatizo lake la kwanza. Anza na macho: mhamishie dawati la mbele, ona kama ananakili tofauti, na waombe wazazi wampeleke kupimwa, idara ya macho ya hospitali ya KCMC iko hapo hapo Moshi. Macho yakiwa salama na bado herufi zinampiga chenga, mtafute afisa wa elimu maalumu wa halmashauri yenu, au mwalimu aliyesomea Chuo cha Ualimu Patandi kule Tengeru, ambacho huandaa walimu wa elimu maalumu, amwone mtoto mwenyewe. Nenda na madaftari yake mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, maana hayo ndiyo atakayoyaomba kwanza.